Karatasi ya Bombo

"Tumbo? Limeanza jana usiku," kasema mama.
Muuguzi akaandika: jana.

Damu ikaenda, kichupa kimoja.
Nikabaki benchini na kanga yake mapajani,
inanuka mafuta ya maandazi ya Barabara ya Kumi na Sita.

Semboja wa maabara hakunificha.
"Hivi vimeng'enya ni wapishi wa kongosho.
Kwao utumbo: huyu wanga, huyu mafuta.
Ukiwakuta wamejazana kwenye damu,
ujue jikoni kunaungua."

Lipesi, mia tisa na kumi. Mwisho wa kawaida, sitini.
Ndiyo kusema anaumwa mara kumi na tano?
"La. Namba haipimi kilio."

Kidole kikashuka mstari wa pili.
Amilesi: kawaida.
"Huyu hupanda upesi, hushuka upesi.
Mwenzake ndiye mzito wa kuondoka.
Jana, umesema?"

Nikahesabu kinyumenyume.
Jumatatu, uji haukuguswa.
Jumanne alikaanga kapiga magoti,
eti anatafuta shilingi mia iliyomdondoka.

Nimerudi wodini. Sijamwuliza kitu.
Karatasi nimeikunja mara nne,
naye
ananitazama mkono.