Tiketi Mbili na Karatasi ya Sigara

Wengine hupima kwa jicho. Mimi napima kwa tiketi za reli,
zile za zamani, za kadi ngumu,
daraja la tatu, Tabora hadi Kigoma,
nilizookota stesheni siku walipong'oa dirisha la kukatia.
Naziteleza chini ya uzi mnene, pingili ya kumi na mbili,
na zikipita bila kuugusa, nahesabu.

Gita la Sizya lilihesabu tatu.
Tatu, na pakabaki nafasi ya ukucha.

Nyamizi ndiye aliyelileta hapa Isevya, Jumanne,
limeviringishwa shuka lenye mhuri wa Kitete.
Akanionyesha ncha za vidole,
kila kimoja na mfereji wake mwekundu.
"Baba anasema gita ndivyo linavyofundisha.
Fundi, mimi nimeshafundishwa vya kutosha."

Babake namjua. Miaka ishirini na miwili
alikaza mataruma kati ya Usoke na Urambo,
na jioni alipiga gita kwa mkono uleule wa nyundo.
Uzi ulio chini kwake ungelia kama nzi ndani ya kopo,
basi akaziinua, akazidi kuziinua,
mpaka zikakaa juu ya shingo
kama nyaya za simu juu ya mapaa.

Nikashusha.
Robo mzunguko. Tuni. Sikiliza.
Robo nyingine.
Tiketi mbili: akatabasamu. "Bado."
Tiketi moja: vidole vikakimbia
kama watoto wanaovuka reli geti likiwa linashuka,
vitamu, vyepesi,
hadi alipoukamata uzi wa pili na kuupinda kwa hamu.
Kzzz.
Noti ikafia njiani.
Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeiua.

Nikamwambia, mwanangu,
uzi ukiwa juu unakudai nyama,
ukiwa chini unakudai sauti.
Urefu wa bure sijauona bado.
Na huu ni Oktoba. Mti umekauka,
shingo imerudi nyuma, nyuzi zimelala.
Mvua zikija itapinda mbele, zitaamka zenyewe.
Leo nakupimia wewe
na Desemba naipimia humohumo.

Tukapanda taratibu. Jua likahama benchi,
muuza karanga akapita mara mbili,
amplifaya ikanuka vumbi lililoungua.
Apige. Niguse skrubu. Apige.
Uzi mnene ukatulia kwenye tiketi mbili na karatasi ya sigara.
Mwembamba, moja na nusu,
ile nusu ni ya kukisia, sina tiketi iliyopasuliwa.
Akaupinda tena ule wa pili.
Ukalia mpaka mwisho, ukaning'inia,
na jirani wa cherehani akaacha kukanyaga.

Ijumaa Sizya akaja peke yake.
Hakuketi. Akachomeka waya, akapiga mara moja,
kwa mkono wa Usoke, mkono wa Urambo:
nyuzi zote sita zikajigonga kwenye vyuma.
Nikaukamata ufunguo, nikingoja aseme rudisha.

Hakusema.
Akapiga tena, polepole,
kama mtu anayeonja chai kwa mdomo wa juu,
na gita likatoa kitu
ambacho katika miaka yote ile ya harusi na vipaimara
sikuwahi kukisikia kwake.
"Kumbe linayo hii," akasema. Akalizima.

Kisha akauliza, si bei,
akauliza zamani zilikuwa tiketi ngapi.
Tatu, nikajibu.
Akaichukua ya tatu pale benchi,
akaisoma mbele, akaisoma nyuma,
akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Nimebaki na mbili.
Atakayetaka nyuzi za juu kuliko hapo
akamwombe Sizya kipimo.