Ukurasa wa Nne

Usiku, mezani jikoni, Eirwen anapanga ukurasa wa nne:
watoto wa machimbo, kwa darasa la pili.
Mvua ya Wales inagonga paa la mawe
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Juu, mvulana na nyundo.
Chini, vitone vya kuunganisha, moja hadi thelathini na mbili,
mpaka kitokee kigae.
Paka rangi mshumaa.
Zungushia alivyobeba: mkate, chai baridi, simu.
(Simu ni ya kuwachekesha.)

Ila baba wa babu yake aliingia mle na miaka kumi na miwili,
akatoka na vidole saba.
Hilo aliweke wapi?
Katika kisanduku kipi, kwa herufi ngapi?
Anaandika, anafuta, anaandika.
Kifutio kinaacha vumbi la kijivu;
analipuliza, kisha anakohoa,
na kikohozi chenyewe kinamshtua.

Mwishowe anaufuta uso wa mvulana,
anaacha duara jeupe na maneno mawili:
Mchoree uso.

Jumatatu karatasi zinarudi zikinuka gundi na maganda ya machungwa.
Nyuso ishirini na tatu zinacheka, meno tele,
mmoja amevaa miwani ya jua.

Ya Gwilym ni nywele tupu.
Duara zima, nywele.

“Uso uko wapi?”
“Upande wa pili, Mwalimu.
Anaangalia mlangoni.”

Eirwen anaishika kalamu nyekundu.
Anaifunika.