Bangili Isiyo na Betri

Niliifunga mkononi mwa mama mwezi wa sita,
Isongole, saa kumi na mbili asubuhi,
sakitu ikiwa bado imelala juu ya majani ya viazi.
Bangili nyembamba, rangi ya jivu.
Upande wa ndani hugusa ngozi, wa nje hugusa upepo,
na katikati, vipande vidogo kuliko punje ya ulezi
hugeuza tofauti hiyo kuwa umeme
wa kuhesabu mapigo ya moyo wake
na kuyatuma kwenye simu yangu, Uyole.

"Inaninyonya nini?"
Joto tu, mama. Lile ambalo lingepotea.
Akaitazama kama anavyomtazama dalali wa lumbesa:
"Kwa hiyo miaka sitini na minne
nimekuwa nikiupasha moto Mlima Rungwe bure."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Dar iligoma. Tuliijaribu kwa fundi mmoja wa Temeke:
jasho tele, umeme hakuna,
maana kule hewa na mwili ni ndugu wa joto moja.
Huku juu baridi ndiyo nusu ya mtambo,
baridi ileile iliyotupasua midomo tukienda shule pekupeku,
iliyomlaza baba na koti lake
hadi usiku wa mwisho.

Siku kumi na tisa moyo wa mama ulipita kwenye kioo changu:
ukipanda naye mteremko wa shamba,
ukitulia kanisani, isipokuwa wakati wa kusoma michango,
ukikimbia kidogo kila saa tisa alasiri.
Sikujua kwa nini. Sikuuliza.

Usiku wa ishirini, saa nne na robo, mstari ukakatika.
Haukushuka. Ulikatika.

Pikipiki ya Anyisile, elfu kumi na tano, sikubembeleza bei.
Taa iliutoboa ukungu wa Uporoto
tundu la kupita mtu mmoja,
nami nikawa nasema na Mungu kwa Kinyakyusa
ambacho sikukitumia tangu mazishi.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu.
Mama amelala ubavu,
na Tupokigwe, mtoto wa dada, miaka minne,
ameukumbatia ule mkono, bangili na vyote,
shavu limebanwa juu ya upande wa nje,
blanketi zito juu yao wawili.

Ngozi huku, ngozi huku.
Mtambo wangu ulikuwa umekosa baridi.

Nikavuta kigoda, jaketi likinichuruzika maji.
Nikapasha vidole kwapani kwanza,
kisha nikaweka viwili shingoni mwake,
palepale alipozoea kutupima homa,
nikahesabu mwenyewe,
nikikosea, nikianza upya,
hadi akafumbua jicho moja:

"Umekula?"