Mikono Minane

Meli haikumgonga mtu. Hilo liandikwe kwanza.
Ilitoka bandarini Kigoma saa nne, Jumatano,
imebeba saruji na mabati ya watu wa ng'ambo,
ikapita mbali, ndogo kama kiberiti,
na ziwa limelala kama uji uliopoa.

Katonga, saa hizo, hakuna anayetazama maji.
Waliovua usiku wanakoroma. Karabai zimezimwa,
zinanuka mafuta ya taa.
Sisi wanawake tuko mchangani tunageuza dagaa,
tunabishana bei ya ndoo.
Shemeji yangu Rusimbi yumo botini, juu ya nyavu,
kofia usoni, analinda mashine isiibiwe.

Wanaosafiri hawalijui jambo hili:
wimbi la meli haliji na meli.
Meli hupita, ikafichwa na rasi,
moshi ukafutika, watoto wakachoka kupunga,
ukasema, haya, imekwenda.
Ndipo linapofika.
Halina povu wala kelele. Lina mgongo mpana,
linatambaa chini chini hadi liguse kina kifupi,
hapo husimama wima ukaona urefu wake.

La kwanza lilinyanyua boti zote zilizotia nanga.
Zenye kamba ndefu zikapanda, zikashuka.
Yetu haikupanda.
Omo ilishikwa na jiwe kule chini,
kama mbuzi aliyefungwa karibu mno na kigingi,
maji yakaingia kwa mbele bila kubisha hodi.
Rusimbi akaamka amelowa. Akatambaa,
akashika fundo ili alegeze.

La pili.

Kamba ikakaza juu ya ubao, vidole vikiwa chini yake.
Nilisikia mlio. Haukuwa wa mtu, ulikuwa wa kamba.
Wa mtu ulikuja baadaye,
nao ulichelewa vilevile.

Jioni wanaume wakakutana. Wakaitukana meli,
wakamtukana nahodha na ukoo wake.
Wakakubaliana barua iandikwe:
ipunguze mwendo ikipita mbele ya nanga zetu.
Ni haki. Na iandikwe.
Nahodha yuko juu kule, kikombe cha chai mkononi,
chai haimwagiki; atajuaje
kwamba nyuma yake ameacha kitu kinachotembea?

Mimi nilikaa nyuma, ncha ya kanga mdomoni.

Kamba ile ya nanga ilikuwa mikono ishirini.
Wakati wa masika niliikata, mikono minane,
kwa kisu cha kupasulia migebuka,
nikaifunga kutoka nguzo ya choo hadi kwenye mchikichi,
nianike nepi za Nyabenda.
"Boti imetulia," nilijisemea, "kamba yote hii ya nini?"
Kweli ilikuwa imetulia.
Siku ya utulivu, hata uzi wa kushonea ni nanga.

Hakuna aliyeuliza. Mume wangu alitazama boti,
akatazama mbao, akasema mbao zimechoka.
Kamba ingali pale nyuma ya nyumba.
Nimejaribu mara mbili kuifungua.
Nguo zikipepea najiambia ni nguo tu.

Kule Maweni waliviondoa viwili.
Sasa Rusimbi akihesabu ndoo
hufika tatu, akasita,
akautazama mkono kama mtu aliyekosea nyumba,
kisha anaanza upya.
"Meli ilidai nauli," huwatania watu.
Wanacheka. Mimi huinamia dagaa,
nageuza hata waliokwisha kukauka.

Na Jumatano honi ikilia
naacha kila kitu, nasimama ukingoni.
Ikipita simwangalii nahodha.
Naanza kuhesabu meli ikishatoweka,
moja, mbili,
wenzangu wananiuliza, mama Nyabenda, unangoja nini,
mbona imekwenda?

Arobaini. Arobaini na moja.
Maji bado yametulia.