Dania ya Ghorofa ya Tatu

Kisanduku kilifika Mbale kwa basi la usiku,
kimefungwa kamba ya katani kama kuku wa mahari:
pampu ndogo, haizidi kiberiti,
taa ya zambarau, chupa mbili za chakula cha mimea,
sponji kumi na mbili, kila moja na kitovu chake,
na kijitabu kilichosema, "Udongo hauhitajiki."

Nilimsomea mama mstari huo.
Namono, mke wa Wamimbi, mkulima wa mteremkoni
tangu mgongo wake ulipojua kuinama,
alinitazama kama mtu aliyeambiwa
kuna uji usiohitaji maji.
— Mche unakaa juu ya nini, basi?
— Unaning'inia, mama.
— Hata sisi tuliwahi kuning'inia.

Sikujibu. Mwaka ule mlima ulishuka na mvua,
ukapita jikoni, ukapita kwenye kahawa,
ukachukua mbuzi na kamba yake,
ukaacha mlango umesimama peke yake, umefungwa kwa kufuli.
Ufunguo bado uko shingoni mwake.

Nikapanda. Dania safu ya mbele,
rehani katikati, mnanaa pembeni,
maana mnanaa ni mgeni asiyejua kuaga.
Siku ya sita dania ikachungulia,
masikio mawili mawili, mabichi.
Usiku dirisha letu likawaka zambarau
na jirani, Khainza, akaniuliza ngazini
kama tumefungua baa.

Mama hakuipenda mizizi.
Alinyanyua kifuniko, akaiona myeupe, inaelea,
mitupu kama miguu ya mgonjwa,
akakishusha haraka.
Kesho yake nikakuta tangi limevishwa leso.
"Mizizi si kitu cha kutazamwa," alisema,
na kijitabu, ukurasa wa tisa, kilikubaliana naye:
mwanga ukiingia, maji huota mwani.

Kisha Alhamisi, umeme uliporudi baada ya siku nzima,
pampu ikakohoa, ikakwaruza, ikanyamaza.
Laki tatu na nusu!
Nikaifungua huku nalaani kiwanda, basi, waya za mtaani.
Kwenye koo lake, udongo.
Mwekundu, wa kwetu, ule unaonata kwenye kucha.
Si mwingi. Konzi ya mtoto.

Nikageuka. Alikuwa anachambua karanga,
hakuinua uso.
"Nilidhani wameisahau, hiyo miche.
Nikaona angalau ionje."
Sikuuliza aliutoa wapi.
Koti alilokuja nalo kutoka mlimani
lina mfuko ulioshonwa mdomo.

Nilisugua pampu kwa mswaki wa zamani,
nikachuja maji kwa kitambaa,
nikabaki na matope kiganjani,
kati ya sinki na dirisha,
nisijue pa kuyamwaga.
Chini ni lami tupu.
Na kwenye sinki yangeteremka tena,
nayo yamekwisha teremka mara moja.

Yako kwenye kopo la majani ya chai, juu ya friji.
Humo hatujapanda kitu.

Jumapili tukachuma dania ya kwanza,
tukainyunyiza juu ya malewa ya karanga.
Mama akatafuna, akanyamaza, akatafuna.
"Ina ladha ya bomba," akasema,
akasogeza sahani nimwongezee.