Chupa ya Watu Kumi

Gari liliishia Kwamkoro; utelezi ulilikataa.
Shemdoe akalishusha kasha, akalifunga nyuma ya pikipiki
kwa mpira wa tairi la ndani, akalipapasa
kama anayemtuliza mbuzi asiyeijua safari.
"Nyuzi ngapi?"
"Nne."
"Tupande."

Nyuzi mbili hadi nane, huo ndio uhai wake.
Zikishuka inaganda, zikipanda inaoza,
na sala yangu siku hiyo ilikuwa na tarakimu:
kila kona nachungulia kipimo,
nne, nne, tano, ewe Mola, tano.

Imetoka mbali, hii. Ilipanda ndege mbili,
ikalala Dar es Salaam ikilindwa kama bibi harusi,
ikaingia Tanga mjini usiku, ikapokewa kwa saini tatu,
ikafika Muheza Jumanne ile umeme ulipokatika
na Mwanjaa wa stoo akalala sakafuni, ubavuni mwa jenereta,
akiamka kila saa kuisikiliza inavyopumua.
Alfajiri wakagawa. Zirai: chupa moja.

Dunia nzima imenyoosha mkono wake kutufikia,
na ncha ya kidole chake ni huu mpira wa tairi
na goti la Shemdoe lililochubuka.

Saa nne nikaifungua.
Chupa moja, watu kumi. Ukishaitoboa
una saa sita, kisha si chanjo tena, ni maji ya kumwaga.
Benchi la zahanati lilikuwa na watu saba.

Nikahesabu tena, kana kwamba macho huzaa.
Saba.
Tangazo lilisomwa msikitini, likasomwa kanisani,
lakini neno la gengeni lina miguu mirefu:
eti inafunga uzazi, eti inavuta vijiko,
eti ngojeni mwezi wa nane mtaona wenyewe.

Saa saba tukatoka kuwatafuta watatu.

Wa nane alikuwa Mama Kihiyo, kwenye iliki,
amepiga magoti, kapu nusu.
"Nichome hapahapa," alisema, "nikija huko
nani atanivunia?" Akanipa bega lenye udongo.
Nikalisafisha mara mbili.

Wa tisa, mwalimu Semboja,
aliyekuwa akitukwepa tangu asubuhi.
Hakubishana. Alikunja shati, akageukia ukuta.
"Ila mke wangu asijue," akanong'ona,
"yeye ndiye aliyenikataza."
Mke wake alikuwa wa tatu kwenye benchi.
Siri za wagonjwa ni siri. Nilimeza kicheko.

Wa kumi.

Mlango wa kwanza: wamekwenda Korogwe msibani.
Wa pili: mtoto wa miaka tisa na mdogo wake.
Wa tatu: mbwa.
Shemdoe alishachanjwa, mimi nilishachanjwa,
na bibi mmoja aliyenikubalia kwa kichwa
alifungiwa ndani na mwanawe, kwa heshima kabisa,
"Karibuni siku nyingine."

Mlango wa nne sikubisha.
Kufuli lilishaingia kutu.
Ni kwa Nasoro Chambega, fundi redio,
aliyekohoa siku tisa masika yaliyopita
huku kasha langu likiwa na panadoli na maneno.
Yeye asingengoja tangazo. Yeye angekuja wa kwanza,
na kiti chake mkononi, akiuliza
kile kipimo kinatumia betri gani.

Saa kumi ikatukuta hapo, barazani kwake.

Fomu.
Zilizopokelewa: kumi.
Zilizotumika: tisa.
Zilizoharibika: moja.
Sababu: na kimstari kifupi,
ambacho jina la mtu halienei.
Nikaandika, *Muda umepita.*
Mkoani wataisoma, watajumlisha.

Shemdoe akakaza mpira. Barafu ilikuwa maji,
yakicheza ndani ya kasha tulipoteremka,
na kipimo, kisicho na wa kumlinda,
kikapanda kilivyotaka.