Moja kwa Arobaini na Tatu

Lilikuja la buluu.
Shaame kalitia mkobani kutoka Maskati,
Pijo mia nne na nne, urefu wa kiganja changu:
"Nimelikuta dukani, nikakukumbukeni."
Lakini letu halikuwa la buluu.
Letu lilikuwa rangi ya chai ya maziwa
iliyosahauliwa kibarazani, ikapoa, ikafanya utando.

Nikalilaza ndani ya mafuta ya breki usiku kucha.
Asubuhi buluu imejikunja yenyewe kama ganda la kitunguu,
na chumba kizima, hapa Limbani,
kinanuka shati la baba la siku za Jumamosi.

Kipimo: moja kwa arobaini na tatu.
Nina rula, nina msasa, nina picha moja tu,
ya harusi ya shangazi Time, gari limeingia nusu,
nusu ya pili imezibwa na makofia ya watu.
Hiyo iliyozibwa naiunda kwa kichwa.
Taa za nyuma ni rangi ya kucha ya mke wangu.
Vioo ni karatasi ya pakiti ya sigara.
Juu ya paa, magunia mawili ya mfuko wa chai,
nimeyashindilia vumbi la karafuu,
maana karafuu nzima, kwa kipimo hiki, ni gogo.

Kisha pale mlangoni palipobonyea,
siku aliporudi nyuma akaivaa nguzo kule Mtambwe.
Palikuwa kama kisahani. Hapa ni punje ya dengu.
Nikampigia Asaa: kushoto au kulia?
"Kulia. Ule mlango ulikuwa wangu,
mwezi mzima nikipandia dirishani."
Mimi nakumbuka kushoto.
Tukabishana hadi salio likakatika.
Nikapiga kushoto. Mwenye msumari ni mimi.

Nambari zake nimeziandika kwa sindano.
Nazijua kuliko za simu yangu.

Jambo moja sikulipatia kipimo.
Liliuzwa mwaka niliofaulu kwenda Unguja kusoma.
Hakuna aliyeniambia.
Nilirudi likizo na sanduku langu jipya,
nikakuta pale lilipokuwa likilala usiku
doa jeusi la oili, na kuku wanaoga vumbi.
Mama akasema, "Kaoge, chakula kinapoa."
Baba kaja kwa miguu kutoka mjini, jasho limemshika,
akaniuliza nimekuwa wa ngapi darasani.
Nikamwambia wa tatu.
Akasema, "Basi," akavua viatu.

Nimelitia doa kwenye ubao wake wa chini,
tone moja, kwa ncha ya njiti ya kibiriti.

Jana nimempelekea.
Macho yake yameingia ukungu, anaona kwa vidole sasa.
Akalipokea kama mtu anayepokea kifaranga.
Akapapasa boneti. Akapapasa magunia, akanusa kidole,
akacheka kidogo puani.
Akashuka upande wa kulia, polepole,
akafika mlangoni, akasita.
Akarudi. Akapita tena.
"Wamelinyoosha hapa?" kasema.
Nikanyamaza.
"Kazi nzuri. Hata hapashikiki."

Kisha akatia mkono mfuko wa ndani wa koti,
lile koti analolivaa hata kwenye joto,
akatoa ufunguo.
Kumbe alimpa mnunuzi mmoja, wa pili akabaki nao.
Miaka thelathini na moja, meno yamelainika kwa kupapaswa,
kamba yake ya usumba imekuwa nyeusi.
Akautafutia pahala: mlangoni, nyuma kwenye buti.
Ufunguo umezidi nusu ya gari.
Hauingii popote.

Akauweka juu ya paa, baina ya magunia mawili,
na gari zima likainama kidogo upande mmoja,
upande wa kulia,
kama lilivyokuwa likiinama akikaa yeye.